Moshi uliotoka nyuma ya runinga

Ikiwa nyumba unayoishi ina meko ya kuotea moto sebuleni, weka kikombe cha chai chini kidogo unisikilize. Na ikiwa huna meko, usifunue ukurasa bado. Siku hizi hata katika nyumba za ghorofa za Kilimani na Syokimau watu wanajengewa meko ya bandia ukutani, na rangi ikishakauka, jambo la kwanza ni kutundika runinga juu yake. Picha za sebule za namna hiyo zimejaa kwenye simu za watoto wetu, na bila shaka nawe umewahi kuonyeshwa moja na kuambiwa, "Baba, ona hii."

Mimi nilionyeshwa, nikaona, nikakubali. Kilichofuata ndicho kilichonifanya nishike kalamu leo, ingawa mke wangu anasema kuwa ni aibu ya nyumbani na haifai kutolewa gazetini.

Tulihamia Limuru mwaka wa 2021. Nyumba ni ya zamani, ya mawe ya kuchongwa, tangu enzi za walowezi, na kodi yake ni nafuu kuliko ya vyumba viwili vya Nairobi kwa sababu ambayo tuliijua Julai ya kwanza. Baridi! Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuna asubuhi ambapo ukungu huingia hadi jikoni bila kubisha hodi. Ndiyo sababu waliojenga nyumba hizi, sawa na zile za zamani za Kileleshwa, Lavington na Karen, hawakusahau kuweka meko na dohani ya kutolea moshi.

Ajabu ni kwamba runinga hapa nchini ilianzia Limuru hii hii. Mwaka wa 1962 mtambo wa kwanza wa kurusha matangazo uliwekwa katika nyumba ya shambani huku kwetu, na picha zake zilifika umbali wa maili 15 hivi. Runinga za wakati huo zilikuwa masanduku mazito yenye kisogo kirefu, na hakuna mtu ambaye angefikiria kuzipachika juu ya moto. Hata sisi tuliokua miaka ya themanini na tisini tukitazama Vitimbi kwenye Great Wall ya inchi 14, isiyo na rangi, inayotumia betri ya gari, tulijua mahali pake: mezani pembeni, juu ya kitambaa cha kushonwa kwa mkono, na kitambaa kingine juu yake ikizimwa. Tamaa ya ukuta imeletwa na hizi nyembamba.

Basi, Desemba ya 2023 zamu ya mke wangu katika chama chao iliwadia, na kwa muda wa miaka miwili alikuwa amesema kuwa pesa zake zitanunua runinga nzuri. Akanunua ya inchi 55. Binti yetu, aliyekuwa kidato cha pili, ndiye aliyekuja na picha kwenye simu. Juu ya meko yetu palikuwa na alama ya mstatili iliyoachwa na kioo cha mpangaji wa zamani, na kwa kweli ukuta ule ulionekana kama unadai kitu.

"Baba Watoto, hapo si juu mno?" mke wangu akauliza.

Nikamjibu kwamba si juu. Wanaume tunajua kujibu kabla ya kupima.

Fundi tuliyempata alikuwa kijana mchangamfu na mwenye mkono mwepesi. "Mkubwa, hii ni kazi ya saa tatu," akasema, na alitimiza. Nilienda sokoni kununua viazi na niliporudi runinga ilikuwa ukutani, imenyooka kwa pimamaji, wala hapakuonekana waya hata mmoja. King'amuzi kilikuwa chini, kwenye kabati dogo kando ya meko, na kati yake na runinga palikuwa na ukuta mweupe mtupu. Nilimuuliza nyaya zimepitia wapi. Akacheka, akasema hiyo ni siri ya kazi. Nami nikacheka. Nilimlipa shilingi 3,500 na nikamwongezea 500 za chai.

Tangu siku hiyo hatukuwasha moto tena. Mke wangu alihofia masizi yasiharibu runinga yake, na hata baridi ya Juni ilipoanza tulijifunika mablanketi tukitazama. Moto wa kuni ukageuka hadithi katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yake.

Julai ya 2024 mama yangu alikuja kutoka Ol Kalou. Alikuwa na miadi ya macho hospitalini Nairobi, na angekaa kwetu wiki mbili. Mama ni mtu wa baridi, lakini kwao baridi na moto ni ndugu, havitenganishwi. Jioni ya kwanza alivumilia. Ya pili akauliza kwa upole, "Mwanangu, hayo meko ni ya mapambo?"

Nani atamnyima mamake moto? Nilitoka nje nikaleta kuni za mkaratusi zilizokuwa zimekauka vizuri, nikapanga, nikawasha. Kwa muda wa dakika kumi hivi tulifurahi. Halafu moshi ukaanza kurudi sebuleni. Nilidhani dohani ni baridi tu na itavuta ikipata joto, maana hilo hutokea, kwa hivyo nikaongeza kuni. Lo! Kosa gani hilo! Binti yangu ndiye aliyeona kwanza. "Baba, moshi unatoka nyuma ya TV."

Ulikuwa unatoka kweli, mweusi, pembe zote nne, na harufu yake haikuwa ya kuni bali ya plastiki inayoungua. Picha ikakatika. Wahenga walinena, pafukapo moshi pana moto, lakini hawakusema ufanye nini moto ukiwa mahali pake na moshi ukitokea mahali pengine. Nilisimama kama mti. Mama, mwenye umri wa miaka sabini na moja na macho yasiyoona vyema, ndiye aliyefungua mlango wa mbele na kumsukuma mvulana wetu nje. Binti akakimbilia swichi kuu ya stima na kuizima. Mke wangu akavuta zulia mbali, mimi nikaamka kwenye usingizi wangu, nikamwaga mchanga wa maua juu ya kuni.

Tulikaa nje kwenye ukungu kwa saa nzima, milango na madirisha yote yakiwa wazi. Mvulana alilalamika kwamba kichwa kinamuuma. Nilidhani ni moshi wa machoni. Daktari tuliyemwona usiku huo alituambia tushukuru Mungu. Moto unapokosa njia ya kupumua, alisema, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo ikiingia mwilini hushika nafasi ya oksijeni katika damu, na mtu huanza kwa kuumwa na kichwa, kisha anasikia usingizi, kisha hasikii kitu. Ndiyo hiyo hiyo inayoua watu wanaolala na jiko la makaa chumbani. Sisi moshi wa plastiki ndio ulitutoa nje mapema. Kama dohani ingekuwa imezibwa bila nyaya ndani yake, na moto ukabaki makaa tu usiku, huenda tungelala.

Naam, dohani ilikuwa imezibwa. Asubuhi nilimwita mwashi mmoja mzee wa huku Tigoni ambaye amekarabati meko mengi kuliko idadi ya nywele zangu. Aliiondoa runinga ukutani bila kusema neno. Nyuma yake palikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi, lililopenya moja kwa moja hadi ndani ya dohani. Yule kijana alikuwa ameteremsha nyaya zake zote, ya stima, ya HDMI na ya antena, ndani ya njia ya moshi, akazitokeza kwa tundu la pili karibu na kabati. Na ili mvua na masizi visizidondokee, alikuwa amesokomeza gunia juu ya tundu la kwanza na kulikandika kwa simiti. Mwashi alilivuta gunia hilo kwa ndoana ya chuma. Upande wake wa chini ulikuwa umeanza kuwa mweusi.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kazi.

Nimekaa na mwashi huyo siku kadhaa tangu hapo, pamoja na fundi wa stima aliyekuja baadaye, na kwa kuwa nimelipa karo ya somo lenyewe, nakupa wewe bure.

Jambo la kwanza ni kwamba ukuta unaouona juu ya meko si ukuta kama ule mwingine. Ni ngozi tu ya dohani. Nyuma yake, mara nyingi kwa unene wa jiwe moja, pana njia ambamo moshi hupita ukiwa na joto linaloweza kuzidi nyuzi 200. Nyaya za kawaida za stima zinazotumika majumbani zimefunikwa kwa plastiki iliyoundwa kustahimili nyuzi 70, basi. Ukizidisha hapo, plastiki hulainika, huyeyuka, shaba zikagusana. Kwa hivyo waya usipite ndani ya dohani kamwe, hata kama fundi anaapa kwamba huwashi moto mara nyingi, hata kama atauvisha paipu. Wewe utahama, na mpangaji atakayekufuata atawasha moto.

Hata misumari ya braketi ina adabu yake kwenye ukuta huo. Bolti ndefu huvunja jiwe upande wa pili na kufungua ufa ambao moshi utapenya. Mwashi alinionyesha hila rahisi: pima kina unachohitaji, sentimita sita au saba, kisha uzungushe kipande cha tepu kwenye ncha ya drili mahali hapo, na tepu ikigusa ukuta uache kutoboa. Toboa jiwe lenyewe, si simiti ya kiungo, wala usikaribie ukingo wa jiwe, kwani haya mawe yetu ya kuchongwa ni laini na bolti inayojitanua hulipasua. Kabla ya yote soma uzito wa runinga na uzito ambao braketi inaweza kubeba. Umeandikwa kwenye sanduku. Nyuma ya runinga pana matundu manne, na nafasi kati yake hupimwa kwa milimita, mathalani 200 kwa 200 au 400 kwa 400. Braketi lazima ilingane nayo, la sivyo fundi ataanza kubuni.

Sasa tuje kwenye joto, maana hili ndilo swali ambalo tulipaswa kujiuliza kabla ya kutafuta fundi. Fungua kile kijitabu kinachokuja na runinga, kile tunachokitupa pamoja na plastiki. Katika vingi utaona imeandikwa kuwa runinga ifanye kazi mahali ambapo hewa haizidi nyuzi 40. Chukua kipimajoto cha chumba, kibandike ukutani pale ambapo ukingo wa chini wa runinga utafika, kisha uwashe moto kama unavyouwasha siku ya baridi kali zaidi, si moto wa kujaribia. Subiri saa moja na nusu. Sisi tulifanya hivyo baada ya dohani kusafishwa, tukapata nyuzi 47. Rafu ya meko yetu ni ukingo mwembamba wa jiwe, wa sentimita nane tu. Rafu pana, ya sentimita 20 au zaidi, husukuma joto mbele, mbali na ukuta, na huenda ikakuokoa. Lakini pima, usiamini macho, na usiniamini mimi.

Ikiwa meko yako ni ya bandia, yale ya stima yenye miali ya taa inayochezacheza, usijione umeponyoka. Angalia joto linapulizwa kutoka wapi. Mengine hulitoa juu, moja kwa moja kwenye tumbo la runinga. Mengine hulitoa mbele au chini, na hayo ndiyo unayoyataka. Hita ya wati 2,000 kwa stima yetu ya volti 240 hula zaidi ya ampea 8. Ukiichomeka pamoja na runinga, redio na chaja za simu kwenye ekstensheni ile nyembamba ya barabarani, umejenga meko ya kweli ndani ya ukuta. Hita iwe na soketi yake ya ukutani. Na kwa vile meko hayo aghalabu hujengwa kwa jipsamu, jua kuwa jipsamu pekee haibebi runinga. Fundi aweke fremu imara na plaiwudi nzito nyuma kabla ya kufunga, na umwone kwa macho yako akiiweka.

Halafu kuna shingo. Hakuna aliyeniambia kuhusu shingo. Rafu yetu iko sentimita 130 kutoka sakafuni. Ongeza sentimita 15 za nafasi, kisha nusu ya runinga ya inchi 55, ambayo ni kama sentimita 35. Katikati ya picha pakawa sentimita 180, urefu wa mtu mzima aliyesimama! Mtu aliyekaa kwenye kochi macho yake yako kama sentimita 105 au 110. Kwa miezi saba tulikuwa tukitazama habari kama watu waliokaa safu ya mbele kabisa ya sinema, na mke wangu alikuwa akinunua dawa ya kuchua bila kujua chanzo. Mvulana anayekaa zuliani hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Yapo mabraketi yanayoinamisha runinga mbele, na hayo husaidia kidogo. Yapo pia yanayoshuka, unaivuta runinga chini unapotazama na kuirudisha juu ukimaliza, lakini bei yake ilinifanya nirudishe kijitabu cha bei polepole mahali nilipokitoa.

Tuseme basi umepima yote, joto ni sawa, rafu ni ya chini, sebule ni ndefu, nawe bado unataka runinga yako pale pale. Sikukatazi. Nyaya zake zifichwe namna hii.

Ya stima isifichwe kabisa kwa maana ya kuutia ukutani ule waya laini unaokuja na runinga. Ule umetengenezwa kuwa mahali unapoonekana. Mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi na petroli, na umwombe akuonyeshe leseni yenyewe, si picha yake akiwa amevaa kofia ya kazini. Huyo atakuwekea soketi nyuma ya runinga kwa nyaya za ukutani zilizo ndani ya paipu. Kutoka kwenye soketi hiyo paipu iende upande, imalize ukuta wa dohani, ndipo iteremke kwenye ukuta wa kawaida ulio kando. Iende kwa mistari iliyonyooka, ya kulala na ya kusimama, wala isikate kona kwa mshazari, ili mtu atakayepiga msumari miaka kumi ijayo akiona soketi ajue waya uko wapi. Na hapo chini, mahali mkono unapofika, pawe na swichi ya kuizima. Stima yetu ina mazoea ya kupotea na kurudi kwa kishindo, na radi za Limuru hazina huruma. Hutaki kupanda kiti gizani ukipapasa nyuma ya runinga.

HDMI, antena na nyinginezo ziwe na paipu yao peke yao, mbali kidogo na ya stima. Hapa ndipo mafundi wengi hukwama. Paipu za milimita 20 zinazotumika kwa nyaya za taa ni nyembamba mno, kwa sababu kichwa cha HDMI kina upana wa kama sentimita mbili na hakiwezi kupinda. Fundi akikwama, hukata kichwa au hurudi kwenye dohani! Tumia paipu ya milimita 32 au zaidi, yenye mikunjo ya taratibu, na uache uzi mgumu ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku waya ukiharibika utaufunga mpya kwenye uzi huo na kuuvuta, bila tindo wala vumbi. Jambo jingine dogo ambalo lilitutesa: rimoti ya king'amuzi hutumia mwanga usioonekana na macho, na mwanga huo haupiti kwenye mlango wa mbao. Tulipofunga kabati ili pawe nadhifu, kila kubadilisha stesheni kulihitaji mtu ainuke. Kabati liwe na mlango wa kioo au liwe wazi.

Wapangaji wenzangu ambao hawaruhusiwi kuchimba ukuta, yapo yale mapaipu bapa ya plastiki yenye kifuniko, mafundi huyaita trankingi. Hubandikwa juu ya ukuta, unapitisha nyaya, unafunika, unapaka rangi ile ile ya ukuta. Ukisimama mbali huyaoni. Ukikaribia utayaona, na sioni aibu iko wapi. Mimi siku hizi waya ukionekana mahali hunipa amani.

Sisi tuliamua kuihamisha runinga. Mwenye nyumba alitaka ukuta wake urudi ulivyokuwa, na hilo lilinigharimu mara nne ya alichochukua yule kijana. Runinga yenyewe, namshukuru Mungu, ilipona baada ya kubadilishwa kifaa kimoja cha ndani na kupanguswa masizi, ingawa mke wangu bado anasema rangi nyekundu haijarudi sawasawa. Iko kwenye ukuta mrefu, juu ya kabati la chini, na trankingi nyeupe kando yake. Meko yanawaka. Mama alimaliza wiki zake mbili akiwa ameketi mbele yake na mvulana magotini, akimfundisha kuchoma viazi vitamu kwenye jivu, huku binti akisoma. Runinga ilikuwa kwa fundi wakati huo, na sikumsikia yeyote akiulizia.

Ningeishia hapo kama si simu niliyopigiwa mwishoni mwa Agosti ya mwaka huo. Alikuwa yule yule kijana. Alitaka nimpendekeze kwa jirani aliyekuwa akitafuta mtu wa kutundika runinga. Hakuwa amesikia lolote. Nilikuwa nimetayarisha maneno yangu kwa mwezi mzima, lakini nilipoisikia sauti yake ya uchangamfu nikamwambia tu aje nyumbani.

Alikuja Jumamosi. Nilimwonyesha gunia, ambalo nilikuwa nimelihifadhi stooni, na vipande vya nyaya vilivyoyeyuka vikashikana kama uji mkavu. Nilimwambia kuhusu mvulana na kichwa chake. Aliligeuza gunia mara mbili tatu. Hakujitetea. Aliuliza mtoto yuko wapi, nikamwambia yuko shule ya masomo ya ziada, mzima. Kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango akasema, "Mzee, nimezifanya zingine tatu hivi hivi."

Alitoa simu akaanza kupiga pale pale. Kufikia jioni aliwapata wawili, mmoja Kileleshwa na mwingine huku huku Limuru, na wote wawili hawakuwa wamewasha moto tangu awatembelee. Alienda kwao wiki iliyofuata pamoja na yule mwashi mzee, kwa gharama yake mwenyewe. Wa tatu alikuwa mpangaji wa nyumba moja ya zamani Lavington. Amehama, nambari yake haipatikani, na mlinzi wa langoni aliwaambia wenyeji wapya hawapokei mafundi wasio na miadi. Waliacha barua. Hadi naandika haya haijajibiwa.

Kwa hivyo, msomaji, ikiwa umehamia nyumba yenye runinga au alama ya braketi juu ya meko, na hujui nyaya zilipita wapi, fanya hivi kabla ya kuwasha kuni. Chungulia juu ndani ya dohani kwa tochi, mchana. Ukitumia kioo kidogo utaona vizuri zaidi. Dohani nyingine zimepinda na huwezi kuona anga, basi viringisha ukurasa mmoja wa gazeti, uuwashe ndani ya meko, utazame moshi wake unaelekea wapi. Ukipanda moja kwa moja, sawa. Ukirudi usoni, zima, fungua madirisha, na umwite mwashi. Waweza kutumia gazeti hili hili, mradi uwe umemaliza kulisoma.